Trakta ya Minyororo: Asili Yake na Namna ya Kuifufua

Wengi wetu tumepata kuona trakta ya zamani ikilala katika majani, imeliwa na kutu, na watoto wakiipanda kama mti. Wapita njia husema imekufa, auzwe mwenye kununua chuma. Sisi twasema: kwanza tujue ilikotoka na namna inavyofanya kazi.

Trakta ya minyororo ilizaliwa kwa sababu ya matope. Karibu na Stockton, katika California, Marekani, Benjamin Holt alitengeneza trakta za mvuke, lakini udongo wa bonde lile ulikuwa laini sana: magurudumu, hata yakipanuliwa, yalizama. Tarehe 24 Novemba 1904 alijaribu trakta iliyoondolewa magurudumu ya nyuma na kuwekewa minyororo. Uzito ulienea juu ya udongo, wala mashini haikuzama. Mwaka wa 1925 kampuni ya Holt iliungana na ile ya Best, ndipo ikazaliwa Caterpillar. Mwaka wa 1931 ilitoa trakta yake ya kwanza ya mazutu. D2, iliyo ndogo, ilitengenezwa tangu 1938 hadi 1957; iwe mfano wetu.

D2 haina usukani. Kila upande una ambreyaji yake: visahani vingi vikavu, vinavyobanwa pamoja na resori. Dereva akivuta mkono wa kuume, visahani vya kuume vyaachana, mnyororo ule wakosa nguvu, ule wa kushoto wasukuma, nayo trakta yageuka kuume. Akitaka kugeuka kwa ukali, hukanyaga na freni ya upande ule. Lakini katika mteremko, mzigo ukiisukuma mashini, mnyororo ulioachiliwa bila freni hukimbia kuliko mwenzake, na trakta yageukia upande mwingine! Dereva mgeni ajihadhari.

Adui wa ambreyaji hizo ni maji. Tundu la chini likizibwa na matope, mvua hujaa ndani na kutu hugandisha visahani. Mafuta nayo yakivuja humo, visahani huteleza.

Kazi ya kufufua yataka saburi. Motere izungushwe polepole kwanza. Mafuta na maji yatazamwe. Tangi na vichujio visafishwe. Halafu huwashwa motere ndogo ya esansi, yenye silinda mbili, ambayo huipasha moto ile kubwa na kuizungusha. Ikishaamka, fundi huzibua tundu na kutoa maji. Kisha huvuta mkono, hushika freni ya upande uleule, na kusukuma polepole kwa vitesi ya chini, ili visahani viachane. Vikikataa, hakuna budi kufungua: kiti na kifuniko huondolewa, fungu la visahani latolewa, visahani vyasafishwa au kubadilishwa. Resori zile zina nguvu nyingi. Asizifungue mtu bila chombo cha kuzikaza, asije akaumia.

Kazi hii haifundishwi na karatasi peke yake. Yataka mkono unaosikia visahani vinapoachia, na sikio linalotambua motere iliyochoka. Wazee wenye mkono huo wanapungua. Basi kila fundi mzee amwite kijana mmoja, amshikishe ufunguo, kabla mashini na ujuzi wake havijalala pamoja katika majani.