Jaa Halina Kwao

Nyumba ya bibi yangu Pemba ilikuwa na jaa nyuma ya jiko, karibu na migomba. Humo tulitupa maganda ya muhogo, vifuu, majivu, magamba ya samaki na makuti yaliyooza. Kuku walichakura, mvua za masika zikaozesha, na migomba iliyoota pembeni ikatoa mikungu mizito kuliko mingine yote. Hakuna aliyewahi kulilalamikia jaa lile. Lilikuwa letu: tukiliona, tukilinusa, tukila ndizi zake.

Nililikumbuka nikiwa nimekaa chini ya mwembe kwenye mkutano wa shehia moja kisiwani humo, ambayo sitaitaja jina. Watu waliitwa kuelezwa kwamba eneo la jirani limechaguliwa kuwa jaa jipya la taka za majumbani. Mgeni kutoka mjini alizungumza kwa upole, akaonyesha ramani, akaahidi uzio na barabara. Alipomaliza, mzee mmoja aliinuka, akajifuta jasho, akasema: "Bwana Sheha, mimi nina suala moja tu. Tumeitwa kuulizwa au tumeitwa kuambiwa?"

Sheha hakujibu mara moja. Watu waliangalia chini.

Nasoma historia, shahada ya pili. Niliporudi chuoni nilifanya kile ninachofundishwa kufanya: nikatafuta ni nani mwengine katika nchi hii aliwahi kuuliza swali la mzee yule, na alijibiwa nini. Njia ikanipeleka ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, miaka michache kabla sijazaliwa.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake katika mtaa wao. Walilalamikia harufu, mainzi na moshi wa taka zinazochomwa. Kesi yao, nambari 299 ya mwaka huo, ilifika katika wakati wa pekee. Haki za msingi za raia zilikuwa zimeingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya kupumua ambamo mwananchi hakuweza kuzidai mahakamani. Mlango huo ulifunguliwa Machi 1988. Miongoni mwa waliobisha hodi mapema walikuwa watu waliochoshwa na taka.

Walishinda. Mahakama iliiamuru Halmashauri iache kutupa taka Tabata na itafute mahali pengine ambapo afya za watu hazitakuwa hatarini. Lakini magari hayakuacha kuja. Halmashauri ikawa inarudi mahakamani kuomba iongezewe muda. Miaka mitatu ikapita hivyo, mtu ana hukumu mkononi na moshi dirishani.

Tarehe 9 Septemba 1991 Jaji Lugakingira alisema basi. Kwa maneno yangu mimi, alichosema ni hiki: hakuwahi kusikia chombo cha umma kinakwenda mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha kuwa Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi, na kwamba kumlazimisha mtu aishi katika uchafu unaomdhuru ni kuichezea haki hiyo. Wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki wanaisoma hukumu hiyo hadi leo, na wana haki ya kuisoma. Jaa la mtaani lilikuwa limegeuzwa kuwa suala la uhai.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilishangilia peke yangu maktaba. Kisha nikageuza ukurasa kuona taka zilikwenda wapi.

Zilikwenda Kunduchi Mtongani. Huko nako watu hawakunyamaza. Mwaka huohuo wa 1991 mamia ya wakazi walifungua shauri lao, nambari 90, na safari hii hoja yao kubwa ilikuwa ramani. Mpango mkuu wa jiji ulionyesha kuwa eneo lile ni la makazi. Kwa hiyo, walisema, Halmashauri haiwezi kulifanya jaa bila kuvunja sheria ya mipango miji inayopaswa kuisimamia. Jaji Rubama alikubaliana nao. Aliibatilisha hatua ya kutupa taka pale, akaizuia Halmashauri isiendelee, na akaiamuru itenge mahali panapofaa. Ushindi wa pili.

Taka zikahamia Vingunguti, katika bonde la Mto Msimbazi. Hapo ndipo nilipoacha kushangilia.

Vingunguti si mbali na Tabata. Lakini sehemu kubwa ya Vingunguti ilikuwa imekua yenyewe, nyumba baada ya nyumba, bila viwanja vilivyopimwa. Mtu wa Kunduchi aliweza kufunua ramani na kusema: tazama, hapa pameandikwa makazi. Mtu ambaye nyumba yake haimo kwenye ramani atafunua nini? Jaa la Vingunguti lilitumika kwa miaka. Lilipofungwa, magari yakaelekea Mtoni, na baada ya Mtoni, Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa mwa jiji.

Ukizifuata hukumu peke yake, hii ni hadithi ya wananchi kushinda. Ukiyafuata magari, ni hadithi nyingine. Kila mtaa uliokuwa na sauti, karatasi na wakili uliusukuma mzigo kwa mtaa uliopungukiwa na kimoja kati ya hivyo. Siwalaumu watu wa Tabata. Ningekuwa mmoja wao ningetia saini ya kwanza. Lakini mahakama iliulizwa kama taka zinaruhusiwa kukaa hapa, na ilijibu vizuri. Hakuna aliyeiuliza kwa nini jiji lina taka nyingi kiasi hicho na za aina hiyo, wala nani apangiwe kuishi nazo. Wahenga walishasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nairobi nako kuna kisa kinachofanana. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ila magari yaliendelea kuingia. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha matokeo ya kuwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu nalo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Mpango wa kuhamishia jaa Ruai ulikwama kwa sababu mamlaka za usafiri wa anga zilipinga: jaa huvuta ndege, na ndege wa mbawa ni hatari kwa ndege za abiria. Kiswahili kinatuchekesha hapo, lakini si jambo la kuchekesha. Pingamizi la uwanja wa ndege lilisikika. Damu ya watoto wa Dandora haikulihamisha jaa.

Sasa turudi Pemba, chini ya mwembe.

Kisiwa chetu hakifiki kilomita za mraba 1,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 543,000. Upande wa mashariki kuna mawe ya matumbawe ambayo maji hupenya kama chujio. Katikati na magharibi ni vilima na mabonde, na mabonde hayo ndiyo tunayolima mpunga. Popote utakapochimba shimo la taka, maji yake yana pa kwenda, na mara nyingi ni kwenye kisima cha mtu. Dar es Salaam ilikuwa na Pugu ya kusukumia. Sisi tukisukuma sana tunafika baharini.

Tena suala la ramani kwetu ni zito zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mkulima wa Pemba anaweza kuonyesha mkarafuu aliopanda babu yake, lakini akiulizwa karatasi ya ardhi iliyo chini ya mkarafuu huo, wengi hawana. Kwa hiyo inapokuja habari ya jaa, mazungumzo huteleza haraka kuwa ya kuhesabu miti: minazi mingapi, mikarafuu mingapi, fidia kiasi gani. Kisima hakihesabiwi hivyo. Wala hauhesabiwi upepo wa kaskazi unaopita juu ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa.

Sheria hazikosekani. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda haki ya kuishi, na Sheria ya Mazingira ya 2015 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi wa namna hii kuanza. Neno lenye uzito hapo ni "kabla". Tathmini inayofanywa baada ya mahali kuchaguliwa inafanana na posa inayopelekwa baada ya harusi. Hilo ndilo mzee alilouliza, na nadhani aliuliza vizuri kuliko sisi wenye shahada.

Lakini mkutano haukuishia kwake. Baada ya wanaume wanne au watano kusimama na kukataa, kila mmoja kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia, alisimama mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Hakukataa wala hakukubali. Alisema: "Sote tunasema hatutaki taka za mjini. Sawa. Na zetu sisi zinakwenda wapi hivi sasa? Pampasi za watoto wetu si tunazitupa mikokoni? Au mimi peke yangu?"

Baadhi walicheka. Wengine walimtazama kama aliyefichua siri ya nyumba. Alikuwa amesema kweli. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, na ilistahili kusifiwa. Lakini chupa, pakiti za biskuti na pampasi zimeingia hadi kijiji cha mwisho, na hakuna kuku wa kuzichakura.

Nafikiri watu wa shehia ile wana haki ya kupinga, na wana haki ya kupinga mapema, kabla mstari haujachorwa. Nafikiri pia kwamba pingamizi likiishia kwenye "si hapa", tunajua jinsi litakavyomalizika, kwa sababu limeshamalizika hivyo Tabata na Kunduchi: gari litawasha injini na kutafuta shehia yenye wazee wasioinuka. Pingamizi la mzee linahitaji swali la yule mama ubavuni mwake. Moja linauliza nani anaamua. Jingine linauliza tunatupa nini, na kiasi gani kingeweza kurudi shambani kama zamani badala ya kupanda gari.

Sheha alifunga mkutano kwa kusema maoni yamepokelewa. Sijui yamepelekwa wapi.

Jioni ile nilipita kwa bibi. Migomba bado ipo nyuma ya jiko, na jaa lipo. Nilichukua jembe kumsaidia kupanda chipukizi, nikapiga mara mbili, mara ya tatu jembe likanasa. Nikavuta. Ulitoka mfuko wa nailoni mweusi, wa kabla ya marufuku bila shaka, udongo umeujaa ndani na haujachanika hata kidogo. Bibi aliutazama, akaniuliza, "Huu nao tuutupe wapi, mjukuu wangu?"

Nilikaa nao mkononi mpaka adhana ya magharibi.