Ardhi "tupu", jiji lililojaa: takwimu za ardhi na nyumba zinavyosomeka Lilongwe na Dzaleka

Kutoka katikati ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa ni mwendo wa kilomita zisizofika 50. Njiani msafiri huona nafasi za wazi kati ya mtaa na mtaa, nyingine zikiwa zimepandwa mahindi, huona viwanja vilivyozungushiwa ukuta bila nyumba ndani, kisha mashamba, na mwishowe nyumba za matofali ya udongo zilizobanana hata mvua ya paa moja humwagikia ukuta wa jirani. Kambi ilitayarishwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha sokoni na shuleni.

Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili ughaibuni, Dzaleka ni anwani ya shangazi, ya kaka mkubwa, au ya nyumba iliyoachwa. Swali la nani ana haki ya kujenga wapi linawagusa moja kwa moja. Jibu lake limefichwa katika jambo linaloonekana kavu: namna serikali inavyohesabu ardhi na kuipa jina.

Neno "tupu" linapimwaje?

Malawi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 118,000. Karibu sehemu moja kati ya tano ni maji, hasa Ziwa Malawi, kwa hiyo nchi kavu ni kama kilomita za mraba 94,000, yaani hekta milioni 9.4. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 17,563,749, wastani wa watu 186 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Kwa nchi ambayo watu wake wengi huishi kwa jembe, huo ni msongamano mkubwa.

Hata hivyo, katika nchi hiyohiyo kuna takwimu ya pili inayoelekea kuikanusha ile ya kwanza. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2002, iliyotanguliwa na kazi ya tume ya rais iliyoundwa mwaka 1996, ilikadiria kwamba hekta milioni 2.6 za ardhi inayofaa kwa kilimo vijijini zilikuwa hazilimwi, yaani takriban asilimia 28 ya nchi kavu. Mtu anayeisoma namba hiyo kwa haraka atadhani kwamba zaidi ya robo ya Malawi ilikuwa ikingoja mwenyewe.

Haikuwa hivyo. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa na wenye hati. Katika miaka ya 1970 na 1980, maeneo makubwa ya ardhi ya kimila, hasa katika mkoa wa kati ambamo Dowa na Lilongwe zimo, yaligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya tumbaku yaliyopangishwa na serikali kwa miaka mingi. Mashamba mengi hayakulimwa yote. Sehemu nyingine ilikuwa malisho, mahali pa kuokota kuni, au akiba ya ukoo kwa watoto watakaooa. Karani aliyetafuta zao shambani hakuliona, akaandika "haitumiki".

Ndiyo maana nchi zilizozoea takwimu za namna hii hujibidiisha kutenganisha maneno. Uskoti, kwa mfano, ina utaratibu wa miaka mingi wa kuhesabu ardhi iliyo wazi na ardhi iliyoharibika, na huvitofautisha vitu hivyo viwili: ya kwanza ni ile isiyotumika ndani ya mji, ya pili ni ile iliyoharibiwa na matumizi ya zamani, kama vile kiwanda au mgodi, kiasi kwamba haiwezi kujengwa bila kutengenezwa kwanza. Kiwanja kidogo kuliko sehemu ya kumi ya hekta hakiingizwi katika hesabu. Uingereza nayo, tangu mwaka 2017, imezitaka halmashauri zake zitunze daftari la ardhi iliyokwisha kutumika zamani na inayofaa kujengwa nyumba. Madaftari hayo hayajengi nyumba hata moja. Lakini yanamwezesha raia kuuliza kwa kutaja kiwanja: hiki ni cha nani, na kwa nini kimekaa hivi?

Lilongwe, jiji la namba

Lilongwe lilikuwa na watu wasiofika 20,000 mwaka 1966. Rais Hastings Kamuzu Banda alitaka makao makuu yahame kutoka Zomba, na baada ya Uingereza kukataa kugharimia mradi huo, Afrika Kusini ilitoa mkopo. Mji ukawa makao makuu rasmi mwaka 1975. Wapangaji waliugawa katika maeneo yenye namba badala ya majina: Area 1, Area 2, na kuendelea. Namba zilifuata mpango wa kuanzishwa, hazikufuata ujirani, na ndiyo sababu mgeni hushangaa kukuta namba mbili zilizo mbalimbali zikipakana.

Mpango huo ulipenda nafasi. Mji wa zamani, eneo la serikali la Capital Hill, eneo la viwanda la Kanengo na Lumbadzi upande wa uwanja wa ndege vilitenganishwa na mikanda ya kijani. Mandhari ni ya kupendeza, hilo halina ubishi. Lakini mtu asiye na gari hulipia upana huo kila siku, kwa nauli au kwa miguu, na mabomba ya maji na nyaya za umeme hulazimika kuvuka masafa yasiyo na mteja kabla ya kufika kwenye watu.

Wakati huohuo watu waliendelea kuja. Sensa zinaonyesha 98,718 mwaka 1977, kisha 440,471 mwaka 1998, 674,448 mwaka 2008, na 989,318 mwaka 2018. Mpango kabambe wa jiji uliandaliwa upya mwaka 2010 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, ukilenga mwaka 2030. Mwaka uliofuata, Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lilitoa taarifa iliyosema kwamba asilimia 76 ya wakazi wa Lilongwe huishi katika makazi yasiyo rasmi.

Asilimia hiyo ndiyo moyo wa jambo. Watu watatu kati ya wanne wanaishi mahali ambapo ramani ya mipango haikuwatarajia: Mtandire, Chinsapo, na pembezoni mwa maeneo yenye namba, kama Area 36 upande wa kusini, ambako mkulima hukata shamba lake vipande na kuviuza, naye mnunuzi hupewa karatasi iliyoshuhudiwa na chifu. Kwa muuzaji na mnunuzi, mauzo yamekamilika. Kwa halmashauri, pale bado ni shamba. Sheria ya Mipango ya mwaka 2016 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata kiwanja kile cha chifu sasa kinatakiwa kufuata kanuni za ujenzi.

Mkanganyiko huo huzidishwa na wingi wa wagawaji. Kwa miaka mingi ardhi ya Lilongwe imegawiwa na Wizara ya Ardhi, Shirika la Nyumba la Malawi lililoanzishwa mwaka 1964, na halmashauri ya jiji, kila mmoja akiwa na daftari lake. Masharti ya hati humtaka mwenye kiwanja ajenge ndani ya muda uliowekwa, la sivyo kiwanja kinaweza kurudi serikalini. Kwa mwenye fedha, lakini, kiwanja kitupu mjini ni benki isiyopungua thamani. Hukizungushia ukuta na kusubiri. Ukuta ule, tukiuita kwa jina lake, ndiyo ardhi iliyotelekezwa ya Lilongwe, ingawa hauna kutu wala magofu.

Nyumba ishirini kwa siku

Kati ya mwaka 2008 na 2018 jiji liliongezeka kwa watu 314,870. Wastani wa kaya nchini, kwa mujibu wa sensa ya 2018, ni watu 4.4. Ukigawanya, unapata kaya takriban 71,500 mpya katika miaka kumi, sawa na nyumba kama 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hii ni hesabu ya makadirio, nayo haijagusa nyumba mbovu zinazohitaji kubadilishwa.

Weka kando ya hesabu hiyo mradi mmoja unaosifiwa kwa haki. Katikati ya miaka ya 2000, Shirikisho la Watu Wasio na Makazi la Malawi, ambalo nguvu yake ni vikundi vya akina mama wanaoweka akiba, lilipata ardhi katika Area 49 na kujenga nyumba 222 likisaidiwa na shirika la CCODE. Akina mama walifyatua matofali wenyewe. Ni kazi kubwa, na kwa kasi ya ongezeko la jiji ni mahitaji ya siku kumi na moja.

Serikali nayo ilijaribu njia ya ruzuku. Mwaka 2014, chini ya Rais Peter Mutharika, ulianzishwa mpango wa kuwapunguzia kaya maskini gharama za mabati na saruji. Wananchi waliubatiza jina la vifaa vyenyewe, malata na simenti. Mpango uliboresha mapaa, lakini ulimfaa yule tu ambaye tayari alikuwa na mahali pa kusimamisha ukuta. Bati halimsaidii asiye na kiwanja.

Zamani Malawi ilikuwa na jibu la bei ndogo zaidi: maeneo ya nyumba za kienyeji, ambamo mamlaka zilipima viwanja, zikaweka barabara ya udongo na bomba la pamoja la maji, kisha zikamwacha mwananchi ajenge kwa uwezo wake. Nyumba haikuwa nzuri mwaka wa kwanza. Ilikuwa halali tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo lililompa mwenyewe moyo wa kuongeza chumba.

Dzaleka: gereza lililogeuzwa makazi

Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Banda. Mwaka 1994, utawala huo ulipofikia kikomo na watu wakikimbia vita na mauaji katika Maziwa Makuu, mahali hapo palikabidhiwa kazi mpya. Kwa lugha ya wataalamu wa mipango, ni mfano kamili wa ardhi ya serikali iliyopoteza kazi yake ya zamani na kutumiwa upya. Kwenye ripoti yoyote ya ardhi, hilo lingehesabiwa kuwa fanikio.

Tatizo ni kwamba matumizi hayo yalipangwa kama ya muda. Kipimo cha kawaida cha kupanga kambi, pamoja na njia, huduma na bustani ndogo, ni mita za mraba 45 kwa mtu. Kwa watu 12,000 hizo ni hekta 54. Kwa watu 50,000 ni hekta 225. Idadi iliongezeka zaidi ya mara nne, ilhali hadhi ya mahali ilibaki ileile. Luwani, kambi nyingine iliyokuwa kusini, ilifungwa mwaka 2007 na wakazi wake wakahamishiwa Dzaleka.

Mkimbizi nchini Malawi hawezi kulitatua hilo kwa kuhama na kujenga kwingine. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987 kwa kuweka akiba juu ya vifungu kadhaa. Kifungu kinachohusu mali, ikiwemo ardhi na nyumba, ilikichukua kuwa pendekezo tu. Na kuhusu uhuru wa kutembea, ilijiwekea haki ya kuchagua mahali ambapo wakimbizi wataishi. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na kuanzia Mei polisi waliwakusanya kwa nguvu, wengine wakitolewa katika maduka yao Lilongwe. Watu waliokuwa wamepata nafasi katika jiji lenye nafasi walirudishwa mahali ambapo nafasi ilikwisha miaka mingi nyuma.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupanga nyumba katika makundi matatu: za kudumu, zenye paa la bati au vigae na kuta za matofali ya kuchoma au zege, za nusu kudumu, na za kienyeji, zenye udongo na nyasi. Nyumba ya Dzaleka yenye matofali mabichi na bati huingia kundi la kati, sawasawa na nyumba ya Chinsapo. Kundi hilo halionyeshi tofauti iliyo kubwa kuliko zote: mkazi wa Chinsapo anaweza siku moja kupata hati, wa Dzaleka hawezi.

Majirani wamechukua njia nyingine, kila mmoja kwa namna yake. Tanzania iliwapa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 mashamba huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao na watoto wao walikabidhiwa uraia. Uganda huwagawia wakimbizi viwanja katika makazi kama Nakivale, ingawa viwanja vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka. Kenya ilifungua Kalobeyei mwaka 2016 katika kaunti ya Turkana, kwenye hekta zipatazo 1,500, kwa ramani iliyochorwa pamoja na UN-Habitat ikiwachanganya wakimbizi na wenyeji; baadhi ya familia zilipewa fedha ili zijenge zenyewe nyumba za kudumu.

Dzaleka, kituo cha afya huwatibu wakimbizi na Wamalawi wa vijiji vya jirani, na soko huwahudumia wote wawili. Sensa ya 2018 iliipa wilaya ya Dowa watu 772,569. Anayepata safari ya kuhamia nchi ya tatu humwachia ndugu nyumba, au huiuza kwa makubaliano ya mdomo mbele ya majirani. Kinachouzwa ni kuta, mlango na bati. Ardhi iliyo chini yake haitajwi, kwa kuwa pande zote mbili zinajua si ya yeyote kati yao.