Homa isiyo na homa

Uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo huitwa homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limezoeleka, nalo litabaki. Lakini kwa mtoto aliye chini ya siku 28, neno "homa" linaweza kumpotosha mzazi. Kichanga mwenye ugonjwa huu huenda asichemke kabisa. Wengine hupoa mwili. Dalili huwa nyingine: anakataa kunyonya, analegea, analia bila kubembelezeka, anapata degedege, au utosi wake unavimba.

Tena kwa kawaida ugonjwa hauanzii kwenye uti. Mara nyingi bakteria huingia katika damu kwanza. Wanaojulikana zaidi ni streptokoki wa kundi B na E. koli, wanaoweza kuishi katika utumbo na uke wa mama bila kumdhuru, kisha mtoto akawapata wakati wa kuzaliwa. Klebsiela huweza kuenea wodini kwa mikono na vifaa visivyo safi. Listeria, ambaye ni nadra, hutoka kwenye chakula na hupita kondo la nyuma. Chanjo za utotoni dhidi ya bakteria wengine wa ugonjwa huu hazilengi hawa wanne.

Basi mzazi, usingoje joto lipande ndipo uamini kuwa mtoto anaumwa. Kichanga akigoma kunyonya au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.