Jina Juu ya Chupa ya Bourbon

Katika karne ya 19, bourbon, yaani wiski ya Marekani inayotokana hasa na mahindi, iliuzwa zaidi kwa pipa kuliko kwa chupa, na wachuuzi wa kati waliweza kuichakachua kwa pombe ghafi na rangi kabla haijamfikia mnywaji. Kwa hiyo George Garvin Brown wa Louisville, Kentucky, alipoanza mwaka 1870 kuuza Old Forester katika chupa zilizozibwa pekee, aliweka heshima yake rehani. Na sheria ya mwaka 1897 ikatoa dhamana ya serikali kwa wiski ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, iliyokaa ghalani angalau miaka 4 na yenye kileo cha asilimia 50.

Majina ya watu mashuhuri yalikuja kwa njia nyingine. Longbranch, bourbon iliyotolewa mwaka 2018 na kiwanda cha Wild Turkey kwa ushirikiano wa mwigizaji Matthew McConaughey na fundi mkuu Eddie Russell, huchujwa kwa mkaa wa mwaloni na wa mti wa miiba wa Texas, alikozaliwa mwigizaji huyo. Mwonjaji huinusa kwanza, akipata vanila na karameli za pipa jipya lililochomwa ndani, kisha moshi mwepesi ulimini. Ulaini wake ni wa kweli, lakini kileo chake cha asilimia 43 hakibebi uzito wa Wild Turkey 101, bourbon nyingine ya kiwanda hicho, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo zaidi.