Reli Ilipokufa, Baiskeli Ikarithi

Handaki la Staple Hill, pembezoni mwa jiji la Bristol magharibi mwa Uingereza, lina urefu wa mita 471. Walipolichimba katika miaka ya 1830, wenye mradi hawakuwaza abiria, sembuse baiskeli, ambayo wakati huo ilikuwa gogo la magurudumu mawili lililosukumwa kwa kukanyaga chini. Walitaka makaa ya mawe yatoke machimboni Coalpit Heath na kufika mjini kwa bei nafuu. Reli yao ilifunguliwa mwaka 1835, na mwanzoni mabehewa yalikokotwa na farasi. Injini za mvuke zilikuja baadaye, zikatawala kwa zaidi ya karne moja, kisha nazo zikaondoka. Leo anayeingia handakini humo asubuhi hukutana na wafanyakazi, wanafunzi na wastaafu, wengine juu ya baiskeli, wengine kwa miguu. Gari halimo.

Njia nyingi ndefu za baiskeli katika Ulaya ya magharibi zina nasaba ya namna hiyo. Hazikuchorwa na mtaalamu aliyekaa mbele ya ramani tupu. Ziliokotwa katika mabaki ya zama za makaa: reli zilizong'olewa, kingo za mifereji ya majahazi, migodi iliyofungwa.

Mabaki hayo yaliongezeka ghafla Uingereza kuanzia mwaka 1963. Tarehe 27 Machi mwaka huo, Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la nchi hiyo, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na kilomita zipatazo 8,000 za reli. Magari na malori yalikuwa yamewanyang'anya treni wateja, na hasara ilizidi kukua. Si kila pendekezo lilitekelezwa, lakini yaliyotekelezwa yalitosha. Vyuma viling'olewa, mataruma yakaondolewa, vichaka vikaota. Njia ya kutoka Mangotsfield, upande wa Bristol, hadi mji wa Bath, iliyofunguliwa mwaka 1869, ilipitisha treni yake ya mwisho ya abiria mwaka 1966.

Wakati huohuo, barabara zilizopokea abiria na mizigo hiyo zilizidi kuwa za kutisha kwa mtu wa baiskeli. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda kwa kasi, na baadhi ya watu wakaanza kuuliza kama gari ndilo jibu la kila safari. Mwaka 1977 kikundi cha wakazi wa Bristol kiliunda chama kilichoitwa Cyclebag. Miongoni mwao alikuwamo mhandisi John Grimshaw, ambaye jina lake lingeambatana na njia hizi kwa miongo iliyofuata. Hawakuwa na fedha za kununua ardhi wala mamlaka ya kuwahamisha watu. Walichokuwa nacho ni macho ya kuona kwamba njia waliyoitaka ilikuwa tayari imeshajengwa.

Kwa nini reli? Jibu lake liko katika udhaifu wa injini ya mvuke. Treni nzito haiwezi mlima. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100 tayari ulikuwa mzigo kwake. Kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walikata vilima, wakajaza mabonde kwa matuta, wakachimba mahandaki na kujenga madaraja ili njia ibaki karibu tambarare. Kazi hiyo yote, iliyofanywa kwa sururu na koleo, ikawa zawadi kwa mapaja ya mwendesha baiskeli. Tena pale reli ilipokutana na barabara, mara nyingi ilipita juu yake au chini yake. Makutano ndiyo mahali pa hatari kubwa kwa baiskeli, na hapa yalikuwa yameondolewa zaidi ya miaka mia moja kabla.

Mwaka 1979 wanachama na watu wa kujitolea walitandaza njia ya kwanza ya kilomita 8 hivi kati ya Bath na kijiji cha Bitton. Kipande kwa kipande walisogea kuelekea Bristol, na mwaka 1986 njia nzima ya kilomita 21 ikakamilika. Stesheni ya zamani ya Mangotsfield imebaki magofu yenye majukwaa ambayo hakuna anayesubiri treni juu yake. Bitton mambo ni tofauti: huko wapenzi wa treni walifufua sehemu ya reli, na hadi leo injini ya mvuke huenda sambamba na baiskeli.

Urithi huu ulibidi ulindwe. Mwaka 2008 ulitokea mpango wa kupitisha mabasi ya mwendokasi kwenye sehemu ya njia hiyo ndani ya Bristol. Wakazi waliandamana na kukusanya saini kwa maelfu, na mpango ukaachwa. Ajabu yake ni kwamba ardhi ambayo zamani ilionekana takataka sasa ilikuwa inagombewa.

Miaka mingi kabla ya mvutano huo, Cyclebag kilikuwa kimezaa shirika la hisani la Sustrans, na macho ya watu wake yakahama kutoka mji mmoja hadi nchi nzima. Mwaka 1994 ilifunguliwa njia ya C2C, inayokata kaskazini mwa Uingereza kutoka bahari hadi bahari, kilomita 225 hivi. Upande wa mashariki, kutoka Consett hadi Sunderland, njia hiyo hupita juu ya tuta la reli ya zamani. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Consett kilikuwa kimefungwa mwaka 1980. Wengi huianza C2C magharibi ili upepo uwasukume mgongoni. Desturi imejijenga pia: gurudumu la nyuma huchovywa katika Bahari ya Ireland kabla ya kuondoka, na la mbele katika Bahari ya Kaskazini baada ya kufika.

Fedha kubwa zilikuja mwaka 1995. Bahati nasibu ya taifa, iliyokuwa ikigharamia miradi ya kuikaribisha milenia mpya, iliipa Sustrans pauni milioni 43.5. Juni 2000 mtandao wa taifa wa kilomita 8,000 ulizinduliwa, kila njia ikiwa na namba yake kwenye vibao vya buluu, na nguzo za chuma zipatazo elfu moja zikasimikwa kuonyesha umbali. Kilomita 8,000 ndicho kiasi kilekile ambacho Beeching alitaka kifutwe.

Ng'ambo ya bahari, katika mkoa wa Limburg nchini Ubelgiji, zama za makaa ziliacha urithi wa aina nyingine. Mgodi wa mwisho wa mkoa huo, Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Mhandisi wa migodi Hugo Bollen alijua jinsi wachimbaji walivyojielekeza gizani kwa namba zilizowekwa kwenye njia panda za chini ya ardhi. Akaupandisha utaratibu huo juu. Mwaka 1995 njia tulivu za Limburg ziliunganishwa kuwa wavu, na kila makutano yakapewa namba. Msafiri huandika namba zake kwenye karatasi, akaifunga kwenye usukani, akaenda. Uholanzi na Ujerumani ziliiga.

Uingereza nayo ilikuwa na tatizo ambalo namba pekee hazikuweza kulitatua. Reli za zamani hazikutosha. Zilipokatika, wapangaji waliunganisha vipande kwa kupitisha baiskeli kwenye barabara za kawaida, wakitumaini kwamba magari yangebaki machache. Kigezo walichotaka kukifikia kilikuwa wazi: mtoto wa miaka 12 aweze kupita peke yake kwa usalama. Mwaka 2018 Sustrans ilijikagua kwa kigezo hicho na kuchapisha matokeo bila kuyapaka rangi. Mtandao ulikuwa umefikia kilomita 26,000 na zaidi, lakini theluthi moja tu hivi ndiyo isiyo na magari, na asilimia 46 ya urefu wake ilipewa alama ya ubovu au ubovu mkubwa.

Mwaka 2020 karibu robo ya mtandao iliondolewa au kushushwa daraja, hasa sehemu zilizopita kwenye barabara zenye magari mengi. Mtandao ukapungua kwenye ramani, na haki ilitendeka: mzazi anayesoma ramani hiyo anastahili kujua ni wapi anaweza kumwachia mtoto baiskeli. Kilomita 21 za Bristol hadi Bath zilibaki, handaki lake la makaa likiwa limewashwa taa.