Mwenye korona ndiye mwenye mkonge

Kabla mkonge haujafika Tanga, ulikuwa na mteja anayeusubiri: mkulima wa ngano wa Marekani. Katika miaka ya 1880 mashamba ya kule yalikuwa yameingiza mashine ya kuvuna inayokata ngano na kuifunga miganda yenyewe, na kila mganda ulihitaji kamba. Nyingi ya kamba hizo zilitoka Yucatán, nchini Mexico, kwenye mmea ulio ndugu wa mkonge. Mabwana wa Yucatán walitajirika, na hawakuona sababu ya kumgawia jirani mbegu.

Upande huu wa bahari, Wajerumani walikuwa wanabahatisha. Walijaribu tumbaku kule Lewa, wakapeleka kahawa kwenye misitu ya Usambara Mashariki, na baadaye wakapanda mpira. Tambarare yenye joto kati ya Pangani na Tanga ilikuwa bado haijapata zao la kuifaa. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilisafirishwa kwa meli kupitia Hamburg, na mingi ikafia njiani. Mwaka 1893 ilifika miche 62 iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Iko pia hadithi kwamba miche ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, lakini safari ya Hamburg inatosha kueleza yaliyotokea.

Kutoka kwenye hiyo 62, koloni lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka ilipokaribia Vita Kuu ya Kwanza. Kahawa ya Usambara Mashariki ilikuwa imeshindwa, na bei ya mpira ilianguka mwaka 1913. Mkonge ukabaki umesimama.

Anayepita leo kutoka Segera kwenda Tanga huona mistari ya mkonge iliyonyooka, akadhani ameshaiona biashara yote. Shamba ni nusu yake tu. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Singa ndani yake hazizidi asilimia chache za uzito. Likishakatwa, lazima likamuliwe ndani ya siku moja au mbili, kabla halijakauka likang'ang'ania singa zake. Kazi hiyo inafanywa na korona, mashine iliyopata jina lake kutokana na Corona ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani. Inaponda jani, inaparua nyama, inasafisha singa kwa maji mengi kweli kweli, kisha singa zinaanikwa juani, zinapigwa brashi na kufungwa marobota.

Tabia hiyo ya jani ndiyo iliyoamua mambo mengine yote. Mkulima wa kahawa Kilimanjaro aliweza kuwa na miti yake michache nyuma ya nyumba, akaimenya kahawa kwa mashine ndogo ya mkono, akaianika, akasubiri bei. Mkulima wa mkonge hana nafasi hiyo. Anahitaji kiwanda karibu na shamba, mto karibu na kiwanda, na reli ndogo ya kubeba majani bila kuchelewa. Korona moja nayo haitulizwi na eka tano. Inataka mamia ya hekta yanayokatwa kwa zamu, mwaka mzima. Kwa hiyo zao likazaa mashamba makubwa tangu siku ya kwanza, na mashamba makubwa yakazaa njaa ya watu.

Wenyeji wa Tanga hawakukimbilia kazi hiyo. Walikuwa na mashamba yao ya chakula, na walijua mwiba wa mkonge unavyochoma na maji yake yanavyowasha. Ndipo watu wakatafutwa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Warundi na Wanyarwanda, Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 chama cha wakulima wakubwa wa mkonge kilianzisha SILABU, ofisi ya kusajili watu vijijini na kuwasafirisha kwa treni na malori hadi mashambani. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alikuwa na kipande cha kuhesabu siku 30 za kazi; siku ambayo hakumaliza kiasi alichopimiwa na nyapara haikuandikwa, na kipande kisichojaa hakikulipwa.

Wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walibaki, wakaoa, wakalima kandokando ya kambi. Ukienda Korogwe au Muheza leo utakuta familia zenye majina ya Kigoma na Songea ambazo hazijakanyaga huko kwa vizazi vitatu. Katika hesabu za mkonge watu hawa hutajwa kama gharama ya kazi. Naona ajabu kwamba historia ya zao hili husimuliwa zaidi kwa kumtaja Hindorf, aliyeagiza miche, kuliko kwa kuwataja waliokata majani yake kwa miaka sabini.

Vita Kuu ya Pili ilipandisha thamani ya mkonge ghafla. Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa ambavyo sasa ni Indonesia, Uingereza na washirika wake walipoteza chimbuko la kamba za meli. Tanganyika ikawa tegemeo, na serikali ya kikoloni ikaruhusu watu walazimishwe kwenda kwenye mkonge. Bei ikapanda tena wakati wa vita vya Korea. Wakati huohuo kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934 karibu na Ngomeni, kilikuwa kikifanya kazi ya maana sana chini ya George Lock. Aina chotara ya 11648 iliyotokana na uchunguzi huo hutoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa Hindorf kabla ya kutoa mlingoti wa maua na kufa, na ndiyo inayopandwa kwa wingi hadi sasa.

Wafanyakazi nao walianza kudai chao. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho Victor Mkello alikuwa kiongozi wake mkuu, kilitikisa mkonge kwa migomo mwishoni mwa miaka ya 1950, ukiwemo wa Mazinde mwaka 1958. Mishahara ikapanda baada ya uhuru, na waajiri wakajibu kwa kupunguza watu.

Tanganyika iliingia kwenye uhuru ikiwa inaongoza dunia kwa mkonge, na mkonge ukiongoza mauzo yake ya nje. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika karibu tani 230,000. Kufikia wakati huo lakini mteja wa Marekani na Ulaya alikuwa amebadilika. Mashine za kuvuna na kupura kwa pamoja zilikuwa zimeondoa haja ya kufunga miganda, na soko lililobaki lilikuwa la kamba za kufungia nyasi kavu za mifugo. Hapo ikaja kamba ya plastiki, isiyooza na inayotoka kiwandani kwa bei isiyotegemea mvua. Katika miaka michache bei ya mkonge ikaanguka chini ya nusu.

Hesabu za maendeleo za miaka ile zilikuwa zimeutegemea mkonge, na anguko lile liliacha pengo ambalo kahawa na pamba zililazimika kuliziba. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Watu wengi hupenda kuliangushia Azimio lawama yote. Usimamizi wa shirika la umma lililokabidhiwa mashamba hayo ulikuwa mbaya, korona zilichakaa bila vipuri, mashamba yakaota kichaka. Hayo hayana ubishi. Ila bei ilikuwa imeshaanguka kabla serikali haijagusa hata jani moja, na baadhi ya wenye mashamba walikuwa wameshaacha kupanda upya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa kiasi cha tani 20,000, sawa na wakati wa Wajerumani.

Brazili ilipita njia tofauti na kutupita. Katika jimbo la Bahia mkonge uko mikononi mwa wakulima wadogo, na wanaparua kwa mashine ndogo yenye injini inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Kwa macho ya Tanga hilo lilikuwa suluhisho la tatizo la miaka mia. Bei yake imelipwa na mikono: mashine hiyo hulishwa jani moja moja kwa kasi, na imewakata watu wengi vidole na viganja. Singa zake pia ni duni kuliko zilizooshwa na korona. Yeyote anayetaka kuiga Bahia inampasa aangalie kwanza mikono ya wanaoilisha.

Hapa kwetu kutafuta mazao mengine kulianza kwa kuukimbia mkonge. Mashamba yaliyokufa yaligeuzwa ya mahindi na ng'ombe. Muheza ikajulikana zaidi kwa machungwa. Wachache waliuliza kama mkonge wenyewe una kitu kingine cha kuuza. Ukihesabu mmea mzima, singa ni kiasi cha asilimia 2. Zilizobaki zilikuwa zinatupwa zikioza na kuchafua mito, mita chache tu kutoka kwenye korona zinazolia kwa kukosa umeme wa uhakika. Katika miaka ya 2000 shamba la Hale, wilayani Korogwe, likajengewa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo, na ulitembelewa na wageni kutoka nchi nyingi. Soko la singa nalo limepanuka zaidi ya kamba: mazulia, plasta ya jasi, hata mbao za kurushia vishale ambazo Waingereza hutundika kwenye baa. Sijui wangapi kati yao wanafahamu kwamba wanautoboa mmea wa Mexico uliokulia Tanga.

Jaribio kubwa zaidi lilihusu watu. Kampuni ya Katani, iliyochukua mali za shirika la umma mwaka 1998, ilianza kugawa vipande vya mashamba kwa wakulima wadogo kwa mpango ulioitwa SISO, katika maeneo kama Hale, Magoma na Ngombezi. Familia inapanda, inapalilia, inachanganya mahindi au kunde kati ya mistari wakati mkonge ungali mdogo, kisha inapeleka majani kwenye korona ya kampuni. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa manamba alikuwa na mkonge wake mwenyewe.

Korona, hata hivyo, hakuwa nayo. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya aina ambayo mtu angeweza kuyatabiri akikumbuka lile jani lisilosubiri: mashine inaharibika, majani yanakauka shambani, makato hayaeleweki. Serikali iliingilia kati, ikautangaza mkonge kuwa zao la saba la kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025, wakati uzalishaji wa mwaka 2020 ulikuwa karibu tani 36,000. Miche ikagawiwa, halmashauri zikashindana kuripoti hekta zilizopandwa.

Hekta ni rahisi kuripoti. Mkonge huanza kukatwa baada ya miaka mitatu au minne, na hapo ndipo mkulima wa Korogwe au Kishapu anapogundua kwamba korona ya karibu iko umbali wa saa kadhaa kwa lori, au ipo na foleni yake ni ya wiki mbili. Vyama vya ushirika vya mazao vimeanza kuomba mikopo ya mashine zao wenyewe. Benki huuliza dhamana. Majani yaliyoko shambani hayakubaliki, kwa kuwa benki nayo haina mahali pa kuyaparua.