Bustani ya mboga ya nyumbani mjini Kigali

Bustani ya mboga ya nyumbani, inayojulikana nchini Rwanda kwa jina la akarima k'igikoni, ni kipande kidogo cha ardhi, gunia au chombo chenye udongo kinacholimwa kando ya nyumba ili familia ipate mboga za kila siku. Mjini Kigali bustani hii mara nyingi hulimwa kwa njia za kilimo hai: samadi na mboji badala ya mbolea za chumvichumvi, na mzunguko wa mazao badala ya dawa za dukani. Kujifunza kuilima ni hasa kujifunza mambo mawili, kutengeneza udongo na kufuata majira. Mengine huja yenyewe mkononi.

Historia

Serikali ya Rwanda iliifanya bustani ya jikoni kuwa sehemu ya mapambano dhidi ya utapiamlo, na viongozi wa mitaa wamekuwa wakizihimiza kaya kuwa nayo. Tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti wa afya ya jamii wa 2014/15 ulikuta asilimia 38 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2019/20 ulikuta asilimia 33. Upungufu huo hauwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya bustani peke yake, kwa kuwa maji safi, chanjo, maziwa na kipato navyo vina sehemu yake.

Mpango wa Girinka, ulioanza 2006 kwa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, uliisaidia bustani kwa njia ya pembeni. Nchini Rwanda ng'ombe wengi hufugwa bandani badala ya kuzurura malishoni, hivyo samadi hukusanyika mahali pamoja. Hata mkazi wa Kigali asiye na mifugo huweza kununua gunia la samadi kwa wafugaji wa pembezoni mwa mji.

Mazingira

Kigali, iliyoanzishwa 1907, imejengwa juu ya vilima vyenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mji una eneo la kilomita za mraba 730 hivi, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.7 katika wilaya zake tatu za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Viwanja ni vidogo na vingi viko kwenye mteremko. Udongo mwekundu wa vilimani huwa na uchachu na huchukuliwa upesi na mvua.

Mwaka una majira manne. Umuhindo ni mvua za Septemba hadi Desemba, nao hufuatwa na kiangazi kifupi cha Urugaryi. Itumba, mvua kubwa, huanza karibu na Machi na kuishia Mei. Impeshyi ni kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Joto halipandi wala kushuka sana, kwa hiyo mwenye maji ya kumwagilia huweza kuvuna mwaka mzima.

Mahali pa kulima

Kutotumia dawa hakutoshi kuifanya mboga iwe salama. Tafiti zilizofanywa katika kinamasi cha Nyabugogo, kinachopokea maji machafu ya mji, zilikuta metali nzito kama risasi na kadmi. Mmea hunyonya vitu hivyo kutoka ardhini bila jani kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana bustani haifai kuwekwa kando ya mtaro wa maji ya barabarani, karibu na gereji wala juu ya jalala la zamani. Mahali pazuri hupata jua saa sita au zaidi kwa siku, na pako karibu na mlango wa jikoni ili maji ya kuoshea mboga yasipotee.

Ujenzi wa tuta

Umbo linalopendwa ni tuta la duara lenye ngazi, kama keki ya harusi. Duara la chini hupimwa kwa kamba na kigingi, likapewa upana wa mita mbili hivi, ili mtu afike katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Kingo hushikwa kwa mawe, matofali yaliyovunjika au vigogo vya mgomba. Ndani hujazwa mchanganyiko wa udongo wa juu na samadi iliyoiva, kisha ngazi ya pili na ya tatu hupandishwa, kila moja nyembamba kuliko ya chini yake. Penye mteremko, upande wa bonde huinuliwa zaidi ili maji yatulie.

Asiye na uwanja hutumia gunia. Katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, udongo hujazwa pembeni yake, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Mboji

Lundo la mboji hupangwa kwa tabaka: vijiti na majani makavu chini, majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi, udongo kidogo, na majivu kidogo yanayopunguza uchachu. Alizeti mwitu, yenye maua ya njano, inayoota kando ya njia nyingi za Rwanda, huozesha lundo haraka kwa kuwa majani yake yana naitrojeni nyingi.

Kipimo cha mkulima ni fimbo ndefu iliyochomekwa hadi moyo wa lundo. Siku chache baadaye huchomolewa na kushikwa. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa kavu na yenye ukungu mweupe, lundo linataka maji. Ikiwa baridi, imelowa na inanuka, lundo linakosa hewa, lipinduliwe na kuongezwa majani makavu. Likipinduliwa kila baada ya wiki mbili au tatu, mboji huwa tayari katika miezi mitatu hivi: nyeusi, iliyochambuka, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Mazao

Anayeanza hushauriwa kupanda mboga za asili. Mchicha, uitwao dodo nchini Rwanda, huanza kuvunwa baada ya wiki nne hivi. Mgagani (isogi) huvumilia ukame kuliko kabichi, na nyanya chungu (intoryi) huzaa kwa miezi kadhaa. Mboga hizi hutoa mbegu ambazo mkulima huzitunza mwenyewe, ilhali mbegu chotara za kabichi au nyanya hununuliwa upya kila msimu. Karoti, viazisukari vyekundu, spinachi na vitunguu hufuata mkono ukishazoea.

Mzunguko ni rahisi: mboga za majani, kisha za mizizi, kisha jamii ya maharagwe, ambayo hurudisha naitrojeni ardhini. Nyanya haifuati nyanya chungu wala viazi mviringo, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa.

Wakati wa Impeshyi mita moja ya mraba huhitaji lita nne hadi tano za maji kwa siku, hivyo jerikeni moja ya lita 20 hutosha tuta la mita nne za mraba. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza mahitaji hayo.

Wadudu na magonjwa

Vidukari hupondwa kwa vidole au kunyunyiziwa maji ya sabuni. Majivu makavu huzuia konokono mpaka mvua inaponyesha. Pareto, ua linalolimwa kaskazini mwa nchi kwenye miteremko ya volkano za Musanze, hutoa dawa ya asili inayooza upesi juani. Hata hivyo, huua nyuki pia, na hupuliziwa jioni nyuki wakisharudi mzingani. Zao gumu kuliko yote ni nyanya, kwa sababu ya baka jani la mvua na nondo Tuta absoluta. Mwenye bustani changa huanza na mengine.

Mafunzo na viwango

Maarifa haya husambazwa na mashamba darasa na wakulima wahamasishaji wa mpango wa Twigire Muhinzi, ulioanza 2014, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani wanaofundisha mapishi ya lishe. Shirika la Gardens for Health International, lililoanza 2007, lilishirikiana na vituo vya afya kufundisha wazazi wa watoto wenye utapiamlo.

Mboga ya kula nyumbani haihitaji cheti. Anayetaka kuiuza kama zao la kilimo hai hufuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, ambacho alama yake ni Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza mbolea na viuatilifu vya viwandani pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba.

Kwa mwenye kuanza, kalenda ya Kigali inampa njia iliyo rahisi: alirundike lundo la mboji mwezi Juni, ajenge tuta Agosti, na apande dodo mvua za kwanza za Septemba zinapoanguka. Kufikia Oktoba atakuwa anachuma.